Waya Ambayo Haikusahauliwa

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Kasongo, wa Kabambare na wa barabara inayojitahidi kuiunganisha miji hiyo miwili, kwa wagonjwa, kwa ndugu wanaowapikia wagonjwa, na kwa wale ambao bado ni wazima lakini wanatarajia kuugua, kwamba katika Hospitali ya Mapambazuko hakuna waya iliyosahauliwa ndani ya mtu. Haijawahi kutokea. Tume imechunguza, Tume imeridhika, na Tume imekunywa soda.

Nimepewa heshima ya kuandika habari hii kwa kuwa ndimi Mwandishi wa Tume. Niko mwaka wa mwisho wa masomo ya udaktari, nilitumwa Mapambazuko kufanya stage, yaani mazoezi ya kazi, na siku Tume ilipoundwa nilikutwa na kalamu mkononi. Ninaamini tume. Ninaamini kwamba nchi yetu itajengwa na watu wanaokaa pamoja, wakafungua kikao kwa sala, wakatafuta neno linalofaa, wasiinuke mpaka neno hilo limepatikana.

Kwa upande wetu, neno lilikuwa gumu. Jina la kwanza lililopendekezwa lilikuwa Tume ya Waya Zinazosahauliwa. Mkurugenzi wetu, Daktari Dominique, alieleza kwa upole kwamba kusahau ni kitendo cha mtu, na hospitali haikuajiri watu wa namna hiyo. Kuchelewa, kinyume chake, ni tabia ya kitu chenyewe. Malori ya Kindu huchelewa na hakuna anayeyalaumu. Hivyo tukawa Tume ya Kudumu ya Kuzuia na Kusimamia Waya Zinazochelewa Kutoka, na tukapiga makofi.

Msomaji ambaye hakupitia chuo cha udaktari anastahili maelezo. Mgonjwa anapozidiwa hata mishipa ya mikono ikajificha, daktari huingilia kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Huanza na sindano. Ndani ya sindano hupitisha waya nyembamba na laini, ndefu kuliko mkono wa mtu mzima. Kisha huiondoa sindano, huuvisha mrija juu ya waya, huusukuma mrija ndani, na mwisho huivuta waya ikatoka. Mrija, ambao sisi tunauita katheta, ndio unaobaki kupitisha dawa na maji ya serumu. Waya ni kama mtu anayekuonyesha njia ya Lusangi: akikufikisha, anarudi kwake. Hakai kula.

Kanuni inayolinda kazi hii yote ni moja, nayo iko katika kila kitabu: mkono wa daktari usiiachie waya, tangu inapoingia mpaka inapotoka. Ni kanuni nyepesi sana. Ndiyo sababu ilihitaji Tume.

Katheta hizo zilitujia kama zawadi ya wafadhili, na zawadi ya wafadhili haiwezi kuingia mshipani bila sherehe. Programu ilichapwa, viti vya plastiki vilikodiwa, na Mgeni Rasmi alialikwa kuja kushuhudia mgonjwa wa kwanza. Jina la Mgeni Rasmi siliandiki, kwa kuwa yeye mwenyewe hutanguliwa na vyeo vingi kiasi kwamba jina huwa halifikiwi.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mama Asma, mjane mwenye meza ya samaki wakavu katika soko la Kasongo. Alikuwa ameletwa kutoka Nyangwe, alikokwenda kununua samaki, akiwa na kuhara kulikomkausha kama mali yake mwenyewe. Mwanawe Abdallah, ambaye ni motari wa kubeba abiria, alimfunga mgongoni kwa kitenge akamleta kwa pikipiki. Mishipa ya mikono haikuonekana. Programu ilisema Mgeni Rasmi atafika asubuhi. Alikuwa bado hajafika. Mama Asma hakuwa na nafasi ya kusubiri programu, na Daktari Dominique, ambaye ni daktari mzuri kila mara anapokuwa peke yake, alivaa glovu akaanza.

Mgeni Rasmi aliingia wakati waya iko nusu ndani, nusu mkononi. Aliingia na viatu vyake vya barabarani, barakoa ikiwa kidevuni, mpiga picha nyuma yake. Akanyoosha mkono.

Hapa lazima nisimame, maana watu wa mbali hawatuelewi. Kwetu, mkono wa mkubwa haubaki hewani. Hata mtu aliye katikati ya bugali, hata aliye na udongo wa matofali hadi kwenye viwiko, hawezi kuuacha. Akiwa na mikono isiyofaa, hutoa kifundo cha mkono, na mkubwa hukishika kifundo. Na kama mkubwa ni mkubwa kweli, mkono wa pili huja kuushikilia wa kwanza, ili heshima isianguke. Daktari Dominique alilelewa vizuri. Alitoa kifundo cha kulia, na kwa mkono wa kushoto akakishikilia.

Mwenye kuhesabu mikono ya binadamu ataona kwamba hakukuwa na wa tatu.

Picha ilipigwa. Tulipiga makofi. Daktari akabadilisha glovu, akarudi kazini kwa furaha ya mtu aliyesalimiwa, akausukuma mrija mpaka mwisho. Waya, ambayo hakuna aliyekuwa ameishika, iliufuata mrija ikaingia nao, kama mgeni wa harusi asiye na mwaliko. Serumu ilipita. Mama Asma alifumbua macho. Redio ya mji ikasema kwamba enzi mpya imeanza.

Picha ile iliwekwa kwenye fremu ikatundikwa ukumbini, Mgeni Rasmi akitabasamu, daktari ameinama, vifundo vikiwa katikati. Chini yake ubao umeandikwa kwa rangi ya bluu: MIKONO INAYOSHIKANA HUOKOA MAISHA.

Mama Asma alipona kuhara. Jambo lililobaki lilikuwa moyo wake, ambao ulianza kurukaruka bila sababu, hasa alipogeuka upande wa kushoto. Alipigwa picha ya eksirei. Abdallah aliiinua dirishani mbele yetu sote. Uzi mweupe ulianzia shingoni, ukashuka kifuani, ukapita katikati ya moyo, ukaishia chini ya ini, ncha yake imejikunja vizuri. Abdallah, ambaye kwa kazi yake anajua nyaya za breki, aliufuata kwa kidole.

“Dokta,” akasema, “hii kable ya frein iko inafanya nini ndani ya mama yangu?”

Daktari Dominique alimjibu kwamba vifaa vya kisasa vina vivuli vyake. Kisha akatuita ofisini.

Ni haki kueleza kwamba wiki hiyohiyo Daktari Dominique alikuwa amepandishwa cheo. Kutokana na mafanikio ya sherehe, alikuwa ameitwa Kindu kuwa Mkaguzi wa Usalama wa Wagonjwa kwa jimbo zima. Jeep ya kumchukua ilikuwa imeahidiwa. Mtu anayekwenda kulinda wagonjwa wa jimbo zima hawezi kuonekana ameacha waya ndani ya mmoja wao. Lingekuwa jambo la kuwavunja moyo wale wengine. Tume ilizaliwa kikao hichohicho.

Nilikuwa nimesoma kuhusu jambo hili, na kwa ujana wangu niliandika katika taarifa ya kikao kwamba waya iliyobaki mshipani inaweza kugandisha damu, kutoboa moyo, au kuleta maambukizo, na kwamba tiba yake ni kuitoa mapema. Tume ilinisifu kwa bidii, kisha ikaisahihisha sentensi. Sasa inasomeka: “Waya ina uwezo mkubwa.”

Kwa upande wa kuzuia, Tume ilifanya kazi ambayo haitasahaulika. Tuliandika Kanuni za Waya. Kanuni ya kwanza ilisema kwamba mwendeshaji, baada ya kuanza utaratibu, haachi waya, haondoki kando ya mgonjwa, hapokezani na mwingine, wala havui glovu, mpaka utaratibu utakapokwisha. Daktari Dominique aliitunga mwenyewe, na alipoisoma kwa sauti machozi yalimlengalenga. Tukafanya semina. Kwa kuwa waya halisi ni za wafadhili, tulitumia kable za breki za baiskeli kutoka sokoni. Kila mshiriki alipewa kable aishike asubuhi yote bila kuiachia, hata wakati wa chai. Hakuna aliyeiachia, isipokuwa wakati wa picha.

Palitokea mjadala kama wageni waheshimiwa wakatazwe kusalimia ndani ya chumba cha upasuaji. Mjadala ulikuwa mkali. Mwishowe tulikubaliana kwamba salamu ni utamaduni, na utamaduni hauondolewi kwa ajili ya waya. Wagonjwa wataombwa wachague siku zisizo na wageni.

Kwa upande wa kusimamia, yaani upande wa Mama Asma, Tume ilitoa msimamo ambao mimi mwenyewe niliusoma kwenye redio: waya haikusahauliwa, utaratibu wa kumwekea Mama Asma katheta bado unaendelea.

Uzuri wa msimamo huu ni kwamba ulifunga milango yote kwa pamoja. Daktari wa zamu alipotaka kumpasua Mama Asma shingoni aitafute waya, alikumbushwa kwamba chombo kilicho kazini hakiondolewi. Abdallah alipotaka kumpeleka mama yake Bukavu, alielezwa kwamba mgonjwa aliye katikati ya utaratibu hasafirishwi. Alipouliza utaratibu utakwisha lini, aliambiwa kwamba Mkurugenzi anaondoka, na swali hilo litapokelewa na atakayekuja. Abdallah alisimama uani akiikanyaga kiki ya pikipiki yake bila kuiwasha, akaikanyaga tena, kisha akaenda kukaa chini ya kitanda cha mama yake kama mbwa wa mlango.

Mama Asma alikuwa amelazwa chumba cha wanawake, kitanda cha dirishani. Mrija ulikuwa umeshatolewa; waya peke yake iliendelea kuongoza. Aliniita kila nilipopita, kwa sababu nilikuwa napima mapigo yake, na mapigo yalikuwa yakipotea na kurudi kama redio ya betri zilizochoka. Usoni alikuwa amebadilika rangi. Jirani zake walikuwa wameanza kumletea chakula kizuri, jambo ambalo katika chumba kile halikuwa dalili njema.

“Binti yangu,” akaniuliza, “ile waya iko inafanya nini?”

“Inaongoza, mama.”

“Inaongoza nani? Wenyewe mulisha kufika.”

Nililipeleka swali hilo mbele ya Tume. Liliwekwa katika mambo mengineyo.

Aliyeteuliwa kumrithi Daktari Dominique alikuwa Daktari Apolline, mpasuaji, mwanamke mfupi wa sauti ya chini ambaye alishuka kwenye gari la Kindu akiwa na vumbi hadi kwenye kope na akaomba maji ya kunawa kabla ya maji ya kunywa. Hakuuliza habari za waya. Alisema amesikia msimamo wetu kwenye redio, na kwamba ameuheshimu sana.

Makabidhiano ya ofisi, ambayo sisi wote tunayaita remise-reprise, ni jambo takatifu. Mwenye kuondoka huonyesha, mwenye kuingia hugusa. Bila hivyo hakuna sahihi, na bila sahihi hakuna anayeondoka wala anayefika. Walizunguka tangu asubuhi: vitanda, jenereta, funguo, mbuzi wa hospitali, chumba cha maiti. Jeep ya Kindu ilikuwa tayari imeegeshwa mbele ya lango, godoro la Daktari Dominique limefungwa juu, kuku wake wakiwa ndani ya kapu wakilalamika. Dereva alikuwa akitazama mawingu.

Walipofika kwenye vifaa vya wafadhili, Daktari Apolline aliigusa kila katheta. Kisha akasema kwamba sanduku lililofunguliwa lina mrija uliotumika, lina sindano, lakini halina waya.

“Waya iko kazini,” akasema Daktari Dominique.

“Vizuri. Kazini wapi?”

“Chumba cha wanawake.”

“Twende nikaiguse.”

Tulikwenda wote, wajumbe wa Tume kwa cheo, mimi na kalamu yangu nyuma. Mama Asma aliposikia kwamba wakubwa wanakuja alijifunika kichwa vizuri, akamwambia Abdallah atoke chini ya kitanda, maana hakuzaa paka. Daktari Apolline alimsalimu, akaweka vidole viwili shingoni mwake, juu kidogo ya kovu la sindano, akabonyeza polepole. Alisema tu kwamba ameigusa.

“Basi tusaini,” akasema Daktari Dominique, akaitoa kalamu yake.

“Dokta, ngoja kwanza,” akasema Mama Asma. “Nasikia unaenda Kindu.”

“Nimeitwa, mama. Taifa limeniita.”

“Na kazi ya shingo yangu imekwisha?”

Daktari Dominique alitutazama sisi wa Tume. Kusema imekwisha kungekuwa kusema kwamba waya imebaki baada ya kazi kwisha. Na neno la kitendo hicho ndilo lile ambalo tulikuwa tumelifukuza katika kikao cha kwanza.

“Bado inaendelea,” akasema.

“Inaendelea na nani?”

Daktari Dominique akaifunika kalamu yake.

“Mimi niko mutu wa soko,” akaendelea Mama Asma, na ilimbidi apumue katikati ya maneno. “Lakini nilijenga nyumba. Fundi hashuki juu ya paa akasema kazi iko inaendelea, na yeye iko ndani ya gari na godoro yake. Kama inaendelea, weye unaenda wapi? Na kama umemaliza, mbona umeacha musumari wako ndani yangu?”

Abdallah akacheka, peke yake, kwa sauti kubwa. Jirani wa kitanda cha pili akasema, “Mama wa watu ameuliza swali.”

Ninaandika kwa fahari kwamba katika dakika ile Tume ilikuwa na mwandishi aliyejiandaa. Daktari Apolline alinigeukia, akaniuliza kwa adabu kama hospitali ina kanuni yoyote juu ya jambo hili. Nilikuwa nayo. Nilisimama wima nikasoma Kanuni ya kwanza ya Kanuni za Waya: kwamba mwendeshaji, baada ya kuanza utaratibu, haachi waya, haondoki kando ya mgonjwa, hapokezani na mwingine, wala havui glovu, mpaka utaratibu utakapokwisha.

“Nani aliitunga?” akauliza Daktari Apolline.

“Mkurugenzi mwenyewe.”

“Ni kanuni nzuri,” akasema, na ninashuhudia kwamba hakukuwa na dhihaka yoyote usoni mwake; nimeitafuta hadi leo katika kumbukumbu yangu. “Dokta, nakuheshimu sana, siwezi kukufanya uivunje. Kama utaratibu unaendelea, siwezi kuupokea, na wewe huwezi kuondoka. Mamzele, mletee glovu.”

Nilimletea. Zilikuwa saizi yake.

Daktari Dominique alivaa glovu. Angefanya nini? Aliletewa kiti, akakaa kando ya kitanda, mikono imeinuliwa mbele ya kifua kama tulivyofundishwa, isiguse kitu. Karatasi za makabidhiano ziliwekwa mbele yake; kalamu si chombo kisafi, hakuweza kuishika. Simu ililia mfukoni mwake, ikalia, ikanyamaza. Pua ikamwasha. Aliitazama pua yake kwa macho yote mawili, na sisi wa Tume tukatazama sakafu. Chakula kililetwa, wali na sombe ya majani ya muhogo. Alisita, na Mama Asma akajitolea kumlisha, akisema amelisha watoto wabishi kuliko huyu. Daktari alikataa tonge la kwanza. La pili alilipokea.

Dereva alituma mtu kuuliza. Mvua ilikuwa inakaribia, na barabara ya Kindu ikinyeshewa haina mkubwa wala mdogo. Aliambiwa utaratibu unaendelea. Akatuma tena. Mwishowe tukasikia jeep ikiwaka, na sauti za kuku zikienda mbali taratibu kuelekea kaskazini.

Daktari Apolline wakati huo wote alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, ameshika mkono wa Mama Asma, akihesabu mapigo. Aliinua kichwa mara moja tu, uso wake umebadilika.

“Dokta,” akasema polepole, “moyo wake hautangoja mvua ipite. Mimi niko tayari. Chumba kiko tayari. Lakini siwezi kutoa kitu ambacho kiko kazini.”

Daktari Dominique alimtazama Mama Asma. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu siku ya picha. Midomo ya mama ilikuwa na rangi ya majivu, na punje ya wali ilikuwa bado kwenye kidole alichomlishia.

“Itoe,” akasema.

“Nitoe nini?”

“Ile waya.”

“Ile inayoendelea?”

Kimya kikaingia ambacho sikukiandika, maana fomu yetu haina nafasi ya kimya.

“Ile niliyoisahau,” akasema Daktari Dominique.

Niliandika. Kwa kuwa neno hilo halikuwa katika msamiati ulioidhinishwa, mjumbe mmoja wa Tume alinigusa bega. Nikaliandika tena, kwa herufi kubwa.

Mama Asma alipelekwa chumba cha upasuaji, na Daktari Dominique alikwenda naye, kwa kuwa Kanuni bado ilikuwa Kanuni. Daktari Apolline alitia ganzi shingoni, akapasua mahali padogo palepale alipokuwa amebonyeza, akaufikia mshipa, akaufunga juu na chini kwa nyuzi, akautoboa. Niliona ncha ya waya ikiwa ndani, imejikunyata, ikisubiri mtu. Aliinasa kwa pensi, koleo dogo la upasuaji, akaivuta nje kidogo, akamgeukia Daktari Dominique aliyekuwa amevaa glovu mpya.

“Uliianza wewe,” akasema. “Shika. Vuta polepole, na usiiachie.”

Akaishika. Akaanza kuvuta. Waya ilipita ndani ya moyo ikitoka, na mashine ya kuhesabu mapigo ikalia ovyo.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Mgeni Rasmi alikuwa amefika kwa sherehe ya kumuaga Mkurugenzi, amechelewa kidogo kama kawaida ya ratiba yake, na alipoambiwa kwamba Mkurugenzi yuko kazini alifurahi, maana picha ya kazini ni nzuri kuliko picha ya viti. Aliingia na viatu vyake vya barabarani. Mpiga picha alikuwa nyuma yake. Akatabasamu, akanyoosha mkono.

Mkono ukakaa hewani.

Sote tuliutazama. Nakiri kwamba mwili wangu wenyewe ulitaka kwenda kuupokea, ndivyo tulivyolelewa. Daktari Dominique aliuona. Bega lake la kulia lilitikisika, kifundo kikaanza kuinuka chenyewe kama mbuzi anayejua njia ya nyumbani. Kisha bega likashuka. Aliendelea kuvuta, akiwa amemgeuzia Mgeni Rasmi mgongo wake wote.

Mkono ulikuwa bado hewani. Kutoka chini ya shuka la kijani, kwa sauti ya mtu aliyetiwa ganzi nusu, Mama Asma akasema:

“Baba, shusha tu. Leo huyu hasalimie mutu.”

Mpiga picha, ambaye amezoea kubofya mara Mgeni Rasmi anaponyoosha mkono, alibofya.

Waya ikatoka yote, ndefu kuliko mkono wa mtu mzima, ncha yake ikiwa imejikunja vizuri. Mashine ikatulia. Daktari Apolline aliigusa waya kwa kidole, akasema ameipokea, na remise-reprise ikasainiwa juu ya jokofu la dawa.

Yaliyobaki ni ya kiutawala. Jeep ilifika Kindu na godoro, na kuku, na sanduku la Daktari Dominique. Ofisi ya huko ilivipokea, ikaviandikisha, ikathibitisha kwamba Mkaguzi wa Usalama wa Wagonjwa amewasili. Kwa hiyo yeye yuko Kindu kwa maandishi, na hakuna njia ya kumpeleka mtu mahali ambapo tayari yuko. Kwa mwili yupo Mapambazuko, chini ya Daktari Apolline, anaweka katheta. Anaziweka vizuri. Akiwa ameshika waya, huwezi kumpa hata habari ya msiba.

Mama Asma amerudi kwenye meza yake ya samaki. Abdallah anaieleza habari hii kwa kila abiria, na kwa wale wa safari ndefu huongeza mambo. Tume bado ni ya kudumu.

Picha mpya imewekwa kwenye fremu ya ukumbini badala ya ile ya zamani. Inaonyesha mgongo wa daktari, waya ikimeremeta, na upande wa kushoto Mgeni Rasmi akitabasamu, mkono wake umenyooshwa kuelekea mahali pasipo na mtu. Ubao wa maandishi ya bluu ulikuwa umepigiliwa misumari mirefu, haukung'oka. Chini ya picha bado pameandikwa MIKONO INAYOSHIKANA HUOKOA MAISHA. Wagonjwa husimama hapo wakati wa kusubiri, na wengine huleta ndugu zao kutoka Kabambare waione.

Mgeni Rasmi amekwisha kutuma wajumbe mara kadhaa akiomba iondolewe. Ombi lake lilifikishwa mbele ya Tume, likajadiliwa kwa uzito unaostahili cheo chake, na nikaagizwa kuandika jibu. Nilimjulisha, kwa heshima zote, kwamba picha haikusahauliwa ukutani. Utaratibu wa kuitundika bado unaendelea.